Makadara Hulipa kwa Pesa ya Nani?

Kwenye supamaketi za Mumias South Road pale Buruburu, mashariki mwa Nairobi, keshia humuuliza mteja swali moja tu: "M-Pesa ama keshi?" Kadi ya benki haitajwi mpaka mteja aitoe mwenyewe. Ukiingia Jericho, Maringo, Mbotela au Makongeni, ambako ununuzi mwingi hupitia dirisha la duka lenye wavu wa chuma, mashine ya kadi huioni kabisa. Mtu anaweza kudhani basi kwamba ule ubishi wa nchi za mbali, kama ni heri kununua mkate na sabuni kwa kadi inayokata akaunti yako papo hapo au kwa kadi ya mkopo unaolipwa baadaye, haumhusu mkazi wa Makadara.

Unamhusu, tena kwa karibu kuliko unavyomhusu mtu wa London au Chicago. Plastiki yenyewe si hoja. Hoja ni kama unakula ulichokwisha kupata au unakula utakachopata kesho; na kama ni cha kesho, nani anakukopesha, kwa bei gani, na gharama inaanza kuhesabiwa lini. Tangu Januari 2019, Safaricom ilipozindua Fuliza pamoja na benki ya KCB na ile ya CBA ambayo leo ni NCBA, simu ya mkononi imekuwa kadi zote mbili kwa mpigo. Inakata pesa yako, na pesa yako ikiisha inakukopesha papo hapo, ukiwa ungali umesimama dirishani.

Nasema mapema ninapoelekea. Chakula cha kila siku, nauli na maji vilipwe kwa pesa iliyokwisha kuingia. Mkopo wa matumizi una mahali pake, lakini ni ule unaompa mkopaji muda wa kulipa bila kutozwa. Dhuluma iliyopo huku Eastlands ni kwamba mwenye hati ya mshahara hupewa muda huo, na kibarua hupewa mkopo ambao gharama yake huanza siku ile ile.

Ramani ya Makadara inaonyesha tofauti hiyo vizuri. Kaloleni na Makongeni zilijengwa enzi za ukoloni, na Makongeni ilikuwa makazi ya wafanyakazi wa reli. Buruburu ilijengwa miaka ya sabini na kuingia themanini kwa ajili ya tabaka la kati, na wengi walizinunua nyumba zake kwa mikopo ya nyumba. Upande wa kusini kuna Viwandani, ambako watu hutoka asubuhi kwa miguu kwenda viwanda vya Industrial Area, wengi wakilipwa kwa siku, kwa wiki au kwa wiki mbili. Kadi ya ATM ilifika kwa wengi wa watu hawa kwa sababu mwajiri alianza kupitisha mshahara benki, na kwa sababu benki kama Equity, iliyoanza mwaka 1984 kama chama cha ujenzi, iliamua kumfungulia akaunti mtu wa kipato kidogo. Kadi ya mkopo haikufika. Benki hutaka hati za mshahara na taarifa ya akaunti ya miezi kadhaa, na muuza mboga wa Hamza hana hati ya mshahara hata kama kila siku anashika pesa nyingi kuliko karani. Ndiyo maana kwa miaka mingi takwimu za Benki Kuu ya Kenya zimeonyesha kadi za kukata akaunti zikihesabiwa kwa mamilioni, na za mkopo kwa malaki tu.

Hata kadi ya kawaida ilijaribiwa barabarani ikashindwa. Mwaka 2013 Google na Benki ya Equity walileta BebaPay, kadi ya kulipia nauli ya matatu. Abiria aliijaza pesa, kisha konda akaigusisha kwenye simu yake. Zikafuata kadi nyingine, na serikali ikaagiza nauli zote zilipwe bila pesa taslimu kuanzia Julai 2014. Agizo halikushika, na mwaka 2015 BebaPay ikafungwa. Hakuna fumbo katika kushindwa huko. Pesa ya matatu hugawanywa siku ile ile: mafuta, mwenye gari, dereva, konda, na wale wa njiani wasiotoa risiti. Kadi iliyopeleka nauli moja kwa moja kwenye akaunti ya mwenye gari iliwanyima wengine wote mgao wao wa jioni. Leo konda wa matatu ya 58 anapokea M-Pesa bila agizo lolote la serikali, kwa kuwa pesa inaingia kwenye simu iliyo mkononi mwake. Funzo hilo linahusu kadi zote mbili: malipo hufuata mzunguko wa pesa ya watu, na mzunguko wa Makadara ni wa siku moja moja.

Kabla ya simu na kabla ya benki, Makadara ilikuwa na kadi yake ya mkopo, nayo ni daftari la duka. Bado iko. Chini ya kaunta kuna daftari la Kasuku la kurasa mia mbili, ukurasa kwa kila nyumba. Jina halisi la mteja mara nyingi halimo; kuna mama fulani wa nyumba namba fulani, halafu unga pakiti moja, maziwa mbili, mkate nusu, sukari robo. Mwisho wa mwezi au siku ya malipo mstari unapigwa katikati ya ukurasa, na hesabu inaanza upya. Riba hakuna. Bei huenda ikawa juu kidogo kuliko supamaketi, na hapo ndipo mwenye duka anapojilipa subira yake, lakini bei hiyo ni moja kwa anayelipa leo na anayelipa tarehe thelathini.

Uchumi wetu wa kadogo usingesimama bila daftari hilo. Anayenunua mafuta ya kupima na majani ya chai ya pakiti ndogo kabisa hawezi kungoja, kwa sababu hana akiba ya jikoni ya kumfikisha mwisho wa wiki. Mwenye duka anamjua, anajua mume anafanya kazi gani na watoto wanasoma wapi. Hayo ndiyo maelezo ambayo benki huyatafuta kwa fomu ndefu, naye anayo bure. Udhaifu wake pia ni mkubwa. Mtu akihama usiku, duka limekula hasara. Biashara ikienda vibaya, mwenye duka huacha kuandika, na wa kwanza kukatiwa ni yule anayehitaji zaidi. Isitoshe, deni la daftari halina siri, maana anayepanga foleni nyuma yako anasikia ukikataliwa. Wengi wamekimbilia simu kwa sababu ya aibu hiyo, na siwalaumu hata kidogo.

Sasa tuitazame simu. Fuliza hufanya kazi pale unapotaka kulipia bidhaa au kutuma pesa na salio lako halitoshi; huitoi kwa wakala kama pesa taslimu. Kukopa kuna ada ya asilimia moja ya kiasi ulichochukua, kisha ada ya kila siku mpaka ulipe. Malalamiko yalipozidi, viwango vilipunguzwa mwishoni mwa Septemba 2022. Kwa viwango vilivyotangazwa wakati huo, shilingi 100 kushuka chini hakuna ada ya siku. Kati ya 101 na 500 ni shilingi 3 kwa siku, kati ya 501 na 1,000 ni 6, na hawa wa 1,000 kushuka chini hupewa siku tatu za kwanza bila ada ya siku. Kuanzia 1,001 hadi 1,500 ni 18 kwa siku, hadi 2,500 ni 20, na kutoka 2,501 mpaka 70,000 ni 25.

Ngazi hizo zina mambo mawili ambayo watu wengi hawajayatazama kwa makini. La kwanza liko kwenye kizingiti cha elfu moja. Anayekopa 1,000 akalipa baada ya siku saba atatoa shilingi 10 za kukopea na 24 za siku nne zilizobaki, jumla 34. Anayekopa 1,200 kwa siku hizo hizo atatoa 12 za kukopea na 126 za siku saba, jumla 138. Shilingi 200 za ziada zimemgharimu 104. Nimesimama kwenye foleni nyuma ya watu wakiongeza pakiti ya biskuti au chupa ya soda juu ya ununuzi ambao ungeishia chini ya kizingiti hicho, na hakuna chochote kwenye skrini kinachowaambia wamevuka. Anayefanya hivyo kila wiki kwa 1,200 hulipa karibu shilingi 7,200 kwa mwaka, kwa pesa ambayo haikuwahi kuzidi 1,200 kwa wakati wowote.

La pili ni kwamba mkopaji mdogo ndiye anayelipa ghali. Shilingi 25 kwa siku juu ya deni la 20,000 ni sehemu ndogo sana ya deni hilo, asilimia 0.125. Shilingi 25 zizo hizo juu ya 2,600 ni karibu asilimia moja, na 18 juu ya 1,001 ni karibu asilimia 1.8 kwa siku. Nani hupewa kikomo cha 20,000? Yule ambaye pesa nyingi hupita kwenye simu yake kila mwezi. Nani hubaki kwenye elfu moja na ushei? Mama anayefua nguo kwa nyumba za watu.

Kuna jambo jingine ambalo kwangu ni zito kuliko bei. Ukiwa na deni la Fuliza, shilingi ya kwanza inayoingia kwenye simu inachukuliwa kulipa deni kabla hujaiona. Ndugu akikutumia 500 za dawa ya mtoto, deni linakula kwanza. Kwa hiyo unaenda kwenye duka la dawa na kukopa tena ili ununue dawa ambayo pesa yake ilikuwa imeshatumwa, na asilimia moja ya kukopa inahesabiwa upya. Kwa mtu aliye ndani ya mzunguko huo, pesa yake na pesa ya mkopo hazitengani tena. Kila malipo ni mkopo, na kila mapato ni marejesho. Mwenye kadi ya mkopo ya benki, hata akiwa na deni kubwa, mshahara wake hubaki kwenye akaunti nyingine na yeye ndiye anayeamua tarehe ishirini alipe kiasi gani na anunue unga kwa kiasi gani. Mkopaji wa simu hana uamuzi huo.

Na si watu wachache. Katika mwaka wa fedha wa Safaricom ulioishia Machi 2022, Fuliza ilitoa zaidi ya shilingi bilioni 500. Pesa hiyo ilitoka kwa vipande vidogo vidogo, mara nyingi kwa unga, tokeni za stima, nauli na gesi. Sioni sababu ya kuwahubiria waliokopa kwamba hawana nidhamu. Kibarua wa Viwandani anayelipwa kila baada ya wiki mbili anamkopesha mwajiri kazi yake kwa wiki mbili bila riba, halafu anakopa chakula chake kwa ada ya kila siku. Mshahara ungelipwa kila Ijumaa, mikopo mingi ya aina hii isingekuwapo.

Sasa nivuke niende kwa mwenye kadi ya mkopo halisi, yule mwalimu au muuguzi wa Buruburu ambaye benki imempigia simu kumwambia amestahili. Kadi hiyo, ikitumiwa vizuri, ndiyo njia nafuu kuliko zote za kununua. Benki hufunga hesabu tarehe moja kila mwezi, kisha hukupa majuma kadhaa ya kulipa. Ukinunua mara tu baada ya hesabu kufungwa, unaweza kukaa siku 45 au zaidi kabla ya kutakiwa kulipa, na ukilipa deni lote kwa tarehe hiyo, hutozwi riba hata shilingi. Mshahara wako umekaa kwenye akaunti muda wote huo. Ni mkopo usio na riba kabisa, tena anapewa mtu asiyeuhitaji sana.

Sharti lake ni moja, nalo ni kali: deni lote lilipwe, si sehemu. Benki hukuandikia pia kiwango cha chini unachoweza kulipa, na hicho ndicho kimewanasa wengi. Tuchukue mfano wa deni la 30,000, riba ya asilimia 3 kwa mwezi, na kiwango cha chini cha asilimia 10 ya deni. Hata akiacha kununua kabisa na kulipa kiwango hicho kila mwezi bila kukosa, baada ya mwaka mzima bado atadaiwa takriban 12,000, na riba aliyokwisha kulipa itakuwa imepita 7,000. Kwa kawaida pia, ukishaacha baki, ule muda wa bure unapotea hata kwa ununuzi mpya. Na kutoa pesa taslimu kwenye ATM kwa kadi ya mkopo hutozwa ada na kuanza kuhesabiwa riba mara moja. Anayeiweka kadi hiyo kwenye ATM tarehe ishirini na tano ili apate nauli hana tofauti na aliyefuliza, isipokuwa plastiki.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na wale wanaosema kadi ya mkopo ni hatari kwa kila mtu, wala wale wanaosema kila msomi awe nayo. Mwenye mshahara usioyumba, anayejua tarehe yake ya hesabu na aliyeagiza benki ikate deni lote kila mwezi, na aitumie kwa supamaketi, mafuta ya gari na tiketi. Mwenye kipato kinachopanda na kushuka asiiguse kwa chakula. Mwezi mmoja mbaya unatosha kumtoa kwenye kundi la wanaokopa bure na kumtia kwenye kundi la wanaolipia muda huo wa bure wa wenzao.

Kuna sifa moja ya kadi ya mkopo ambayo hapa kwetu haizungumzwi vya kutosha, nayo ni ulinzi. Mwizi akinakili kadi yako ya ATM, pesa inayoondoka ni yako, kodi ya nyumba na karo zimo humo, na wewe ndiye unayeshinda benki ukidai. Akiiba kadi ya mkopo, pesa inayobishaniwa ni ya benki. Marekani waliliandika hili kwenye sheria ya mwaka 1970, mwenye kadi ya mkopo asibebe zaidi ya dola 50 za matumizi yasiyo yake. Kwa M-Pesa, ukituma kimakosa unapeleka ujumbe wa muamala huo kwa 456 haraka, na kama aliyepokea ameshatoa pesa, kazi ni ngumu. Kwa hiyo kwa anayenunua vitu mtandaoni, ushauri wangu ni kadi ya mkopo au kadi ya kidijitali ya Visa inayopatikana ndani ya M-Pesa tangu 2022, ambayo hukata salio la M-Pesa tu. Akaunti ya mshahara isiunganishwe na tovuti yoyote.

Nimesifu pesa ya mtu mwenyewe, lakini nayo ina gharama zake, na zinategemea mlango unaoitolea. Kutoa shilingi 200 kwa wakala wa M-Pesa kunakata 29, yaani karibu moja ya saba ya pesa yenyewe. Kutuma 200 hizo kwenye namba ya kawaida ya mwenye kibanda ni 7. Kumlipa kwa till, yaani namba ya malipo ya biashara, ni bure kwa mteja, na mwenye till naye hatozwi kwa malipo ya mpaka 200. Ukiwa na 200 za sukuma, nyanya na unga wa kupima, njia uliyochagua ndiyo inayoamua kama utakula na kitunguu au bila. Mtu anayetoa 200 kwa wakala mara tatu kwa wiki anapoteza 87. Akitoa 600 mara moja anapoteza 29 tu. Mama mboga wengi bado wanaomba utumie kwenye namba yao ya kawaida. Wakihamia till, ada hiyo inamwondokea mteja na mzigo kwao ni mdogo.

Je, akikosa kabisa, mtu wa Makadara akope wapi? Kwanza dukani, kwa daftari, kama bado anaandikiwa, kwa sababu ni muda bila riba. Kisha Hustler Fund, iliyozinduliwa Novemba 30, 2022 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Mkopo wa 1,200 kwa siku 14 una riba isiyofika shilingi 4, ingawa asilimia 5 ya mkopo huenda kwenye akiba na vikomo vya wengi ni vidogo. Sacco, kwa aliye mwanachama, kwa kawaida hutoza kama asilimia moja kwa mwezi, ila haikupi mkopo ukiwa umesimama dirishani. M-Shwari, iliyoanza Novemba 2012, ina ada ya asilimia 7.5 kabla ya ushuru, kwa siku thelathini. Anayejua kwamba pesa yake itaingia baada ya siku mbili na anahitaji mia tano, Fuliza ni sawa kabisa. Atalipa shilingi 5. Kwa deni la wiki mbili la elfu na zaidi, Fuliza ni mahali pa mwisho.

Jambo hili lote halikomei kwa tabia ya mnunuzi; mkopeshaji naye ana sehemu yake. Septemba 1958, Bank of America ilituma kwa posta kadi za mkopo 60,000 kwa wakazi wa mji wa Fresno, California, bila mmoja wao kuomba. Wengi walishindwa kulipa, na benki ilipata hasara kubwa. Ilichukua mpaka 1970 kwa Marekani kupiga marufuku kutuma kadi ya mkopo kwa mtu asiyeiomba. Hapa Kenya mtu hujiunga na Fuliza mwenyewe, hilo ni kweli. Lakini kikomo kinapandishwa bila yeye kuomba, na ujumbe wa kumpa habari njema humfikia akiwa na njaa.

Kenya imeshajaribu kudhibiti gharama za mikopo. Sheria ya ukomo wa riba ya 2016 ilidumu mpaka Novemba 2019. Fuliza ilianza sheria hiyo ikingali hai, na gharama zake ziliitwa ada. Aprili 2020 Benki Kuu ilizuia watu kupelekwa CRB, mashirika yanayoweka kumbukumbu za wadaiwa, kwa deni la chini ya shilingi 1,000, hatua iliyowaokoa vijana wengi wa Eastlands waliokuwa wakinyimwa kazi kwa deni la mia mbili. Machi 2022 zikaja kanuni za wakopeshaji wa kidijitali, zilizowakataza kupigia simu jamaa na marafiki wa mdaiwa. Hizo ni hatua za kweli, na zinaonyesha kwamba Benki Kuu ikitaka, inaweza.

Iliyobaki ni ndogo na haihitaji fedha za umma. Benki Kuu iagize kwamba kabla mteja hajabonyeza namba yake ya siri, simu imwonyeshe kwa shilingi atakacholipa akirejesha baada ya siku moja, siku saba na siku thelathini. Imwonye anapovuka ngazi ya ada, ili anayechukua 1,050 ajue kwamba kwa kuacha kitu cha hamsini ataokoa zaidi ya mia kwa wiki. Muda wa bure wa siku tatu upandishwe ufike saba na uwafikie wanaokopa hadi 2,500, ambao ndio wanaonunua chakula. Na mkopaji aruhusiwe kuilinda sehemu ya pesa inayoingia isikatwe, hata kama ni mia mbili, ili dawa inunuliwe kwa pesa ya dawa.

Kwako wewe msomaji unayeishi kwa pesa ya siku: leo jioni fungua orodha ya ujumbe wa M-Pesa, jumlisha ada zote za Fuliza za mwezi uliopita, uandike jumla hiyo kwenye karatasi. Ikipita bei ya bunda la unga, zungumza na mwenye duka wako kuhusu daftari kabla ya mwisho wa mwezi, na ujiwekee kikomo cha elfu moja.